Kufuli la Ruhaza

Mkuu wa Mkoa wa Ruhaza alikuwa amekaa ndani ya kaburi, amekumbatia magoti, na amegoma kutoka.

"Sitoki!" alipiga kelele kutoka chini. "Nileteeni jogoo kwanza. Tena jogoo anayewika, msiniletee makuku yenu yenye mdondo."

Waombolezaji waliangua kicheko. Jeneza la Mzee Lwambano lilikuwa juu ya viti viwili, na padri alikuwa ameshafunga kitabu chake anasubiri, kwani naye ni mwenyeji. Alijua watani wakishaingia kaburini hakuna ibada mpaka wapewe chao. Marehemu alikuwa Mkelwa. Felisia Ngwelo, mkuu wa mkoa mwenyewe, alikuwa Mndoro. Mndoro na Mkelwa ni watani, na mtani msibani hana cheo wala adabu. Gari la serikali limeegeshwa barabarani na bendera yake, dereva kajilaza kwenye usukani anacheka, na mheshimiwa mwenyewe yuko chini shimoni, udongo mpaka kwenye hereni.

"Mfukieni huyo huyo!" alijibu Dismas Kachenje, meya wa mji. Yeye alikuwa mpwa wa marehemu, kwa hiyo jogoo alikuwa juu yake. "Wandoro mko wengi kama siafu. Akipungua mmoja nani atajua?"

"Nifukie! Mimi nina binti yangu Domitila wa kunililia. Wewe je? Mgumba mzima, nyumba kubwa kama ghala, hata mtoto wa kukuletea maji ya kunawa huna. Siku yako Wandoro tutakukodishia waliaji!"

Hapo watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kachenje alicheka kuliko wote. Utani huo wa ugumba alishapigwa miaka nenda miaka rudi, na kila mara alicheka hivyo hivyo, kichwa nyuma, machozi yakimtoka. Watu walisema bonde zima halina watani walioshibana kama wale wawili.

Ndipo nyuzi zikalia.

Kila mtu pale alikuwa na uzi wake nyuma ya sikio, mwembamba kama unywele, aliotiwa zahanati ili umpimie sukari na presha na kumkumbusha dawa. Serikali iliutumia pia kwa matangazo ya dharura, mafuriko yakija au kipindupindu. Umati mzima ukainua mikono masikioni kwa pamoja. Hata padri.

"Mahakama ya Katiba, kwa kauli moja ya majaji wote," sauti ilisema, tulivu kama ya kutangaza hali ya hewa, "imeamua kwamba Serikali ilivunja Katiba ilipofunga kumbukumbu za wakazi wa Bonde la Ruhaza kufuatia mapigano ya Wandoro na Wakelwa. Mahakama imesema Serikali haina mamlaka ya kumiliki kumbukumbu ya raia, hata kwa nia njema. Imeamuru kufuli hilo lifunguliwe kabla ya jua kuzama siku ya Ijumaa. Aidha, imebainika kuwa utani unaosemekana kuwepo baina ya makabila hayo tangu enzi za mababu ulitungwa na Serikali na kupandikizwa kwa njia ya nyuzi."

Kijana mmoja alicheka, akidhani ni sehemu ya utani. Alipoona yuko peke yake akaacha.

"Mapigano gani?" mama mmoja aliuliza. Hakujibiwa, kwa kuwa hakuna aliyejua.

Felisia alitazama juu. Aliona nyuso zimezunguka kaburi pande zote, na zote zinamtazama yeye, Mndoro aliyekaa katika shimo la Wakelwa. Dakika moja iliyopita lilikuwa jambo la kuchekesha. Kachenje alipiga goti ukingoni, akamnyooshea mkono.

"Toka, mtani," alisema kwa sauti ya chini. "Jogoo nitakuletea nyumbani."

Felisia alisita kabla ya kuushika mkono ule. Kusita kwenyewe kulikuwa kwa muda mfupi tu, lakini Kachenje aliona, na Felisia aliona kwamba kaona. Mzee Lwambano alizikwa kimyakimya, bila hata mtu mmoja kuvaa koti lake na kuigiza mwendo wake, na wazee walisema hawajawahi kuona msiba wa aibu kama ule.

*

Kufikia Jumatano Waziri Mkuu alikuwa amejiuzulu. Aliandika kwamba anahitaji muda wa kukaa na familia yake, na wapinzani wakauliza kama bado anaikumbuka. Chama kidogo kilichokuwa kimeishikilia serikali kwa viti vyake kikajitoa. Bunge likapanga kura ya kutokuwa na imani siku ya Jumamosi. Katika mji mkuu watu waliandamana wakiwa wamefunga plasta nyuma ya masikio, ishara kwamba hawautaki uzi tena, na zahanati zikaishiwa plasta.

Kesi yenyewe ilikuwa imesikilizwa faraghani kwa ombi la Serikali. Aliyeifungua ni muuguzi mmoja, Ruzuna Mapinda, aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo wakati wa mapigano na hakuwa na uzi. Aliporudi Ruhaza alimkuta mtu mwingine anaishi nyumbani kwa dada yake. Aliwauliza majirani dada yuko wapi. Wakamjibu kwa upole kabisa kwamba hajawahi kuwa na dada.

Huko Ruhaza hakuna aliyeandamana. Kilichotokea kilikuwa kidogo na kibaya zaidi. Sokoni mchinjaji wa Kikelwa alimwambia mteja wake wa Kindoro, mtu aliyemwita mkwe kwa utani kila Jumapili, "Sikatai kukuuzia, ndugu yangu. Nasubiri nijue kwanza." Shuleni watoto walihama madawati. Fundi baiskeli mwenye kovu shingoni, ambaye siku zote alisema aliangukia jiwe, alionekana amesimama mbele ya kioo cha kinyozi muda mrefu, anaupitisha ukucha juu ya lile kovu. Matusi ya utani yalikoma ghafla, na mji ulipokosa matusi ukawa mji wa watu wenye adabu wanaoogopana.

Alhamisi saa nne asubuhi Waziri wa Mambo ya Ndani, Gerevas Lutamba, alimpigia Felisia ofisini.

"Felisia, mama, habari za huko?"

"Za huku mnazo nyie, Mheshimiwa. Sisi ndio hatuna."

Lutamba alicheka kidogo, akaacha. Kisha akamweleza jambo ambalo miaka yote hakuna aliyemweleza. Kufuli la Ruhaza lilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo huo ulikuwa viganja viwili, kimoja cha Mndoro na kimoja cha Mkelwa. Cha Mndoro kilikuwa chake yeye. Cha Mkelwa kilikuwa cha Kachenje.

"Kwa nini sisi?"

"Mlichaguliwa."

"Kwa kigezo gani?"

"Hilo silijui. Sikiliza. Mahakama imemtuma injinia wake, yupo njiani. Nyie shukeni naye, mguse mnachotakiwa kugusa, halafu wewe utoe kiganja mapema. Mashine itagoma. Mashine hugoma, mama. Tukipita kura ya Jumamosi tunaomba mapitio ya hukumu, tunapata mwaka mzima."

"Na Mahakama?"

"Mahakama ina karatasi. Mimi nina bonde lenye watu wasiojua ni nani aliwaua wazazi wao. Unataka wajue wote kwa pamoja, siku moja, tena sokoni?"

Swali lilikuwa la haki, na hilo ndilo lililomkera Felisia.

"Halafu kuna wewe mwenyewe," Lutamba aliendelea, sasa taratibu. "Unajua ulifanya nini mwaka ule?"

"Sijui."

"Basi. Kuna watu wanalala vizuri kwa sababu hiyo hiyo."

Baada ya simu alikaa akitazama dirishani. Alikuwa anaogopa, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Kabla ya siasa alifundisha uraia katika sekondari ya Ruhaza kwa miaka mingi. Aliwaambia watoto wa watu kwamba amri ya mahakama si ushauri, na aliyeandika mtihanini kwamba serikali inaweza kuchagua ya kutii alimkata maksi. Lakini darasani hakukuwa na mtu wa kufa. Aliwaza kuhusu binti yake Domitila, daktari huko pwani, aliyekuwa na uzi kama wote. Akawaza kwamba kila alilolijua kuhusu nafsi yake lilikuwa na shimo katikati, na kwamba Lutamba alikuwa amelichungulia lile shimo.

*

Mashine ilikuwa chini ya jengo la mkoa, nyuma ya stoo ya viti vya sherehe. Felisia alikuwa amepita mlango ule mara nyingi akidhani ni wa jenereta. Ijumaa mchana injinia wa Mahakama, Yakobo Mwinuka, mtu mwembamba aliyekunja mikono ya shati vizuri, aliufungua na kuwasha taa. Ndani mlikuwa na meza ya kioo, duara mbili zimechorwa juu yake, na taa moja ndogo nyekundu.

"Nawaeleza mara moja, halafu mniulize," alisema. "Uzi haukufuta kitu. Kumbukumbu zote zipo, zimefungwa tu zisifikike. Mkiweka viganja, ninyi wawili mtafunguka kwanza. Taa itakuwa njano. Mkivumilia mpaka iwe kijani, bonde zima linafunguka, na halifungiki tena. Mmoja wenu akitoa kiganja wakati wa njano, linajifunga, nanyi mtasahau upya, hata kwamba mliwahi kukumbuka."

"Nani alibuni upuuzi huo?" Kachenje aliuliza.

"Waliotaka mwenye ufunguo apate nafasi ya kujuta."

"Walifunga miezi mingapi?" Felisia aliuliza. "Ya mapigano tu?"

Mwinuka alifuta kioo kwa kitambaa ingawa kilikuwa safi. "Kwa walio hai, miezi ya mapigano. Kwa waliokufa haikuwezekana. Ukimwacha mtu kwenye kumbukumbu halafu umfiche kifo chake, watu watamuulizia. Wenye mtoto wataandaa chakula wamsubiri. Kwa hiyo marehemu waliondolewa wazima, tangu walipozaliwa."

Kachenje alivua kofia yake ya meya, akaizungusha mikononi.

"Nyumbani kwangu kuna chumba naweka mahindi," alisema, akimtazama Felisia peke yake. "Kwenye fremu ya mlango kuna alama za penseli, zinapanda. Moja hapa gotini, nyingine hapa, nyingine hapa kifuani. Siku zote nilijua ni fundi alikuwa anapima mbao." Aliiweka kofia sakafuni. "Tangu tangazo la Jumatatu sijaingia chumba kile. Leo usiniite mgumba, Mwalimu. Nakuomba."

"Sikuiti."

"Marehemu mke wangu alikonda mpaka akaisha, madaktari wakakosa jina la ugonjwa. Na wewe ulikuja msibani ukavaa gauni lake, ukatuchekesha."

"Dismas."

"Sikulaumu. Nilicheka na mimi."

Waliweka viganja. Kioo kilikuwa cha baridi. Taa iligeuka njano, na kwa muda hapakuwa na kitu.

Kisha Kachenje akatoa sauti ambayo Felisia hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Tadeo," alisema. "Mungu wangu. Nilikuwa na mtoto. Mwalimu, nilikuwa na mtoto! Alikuwa kidato cha kwanza, kwako, darasani kwako. Alikuwa anachukia maharage." Alilia na kucheka kwa pamoja, na mkono wake ulio huru ukamshika Felisia begani, ukamkaza. "Nilikuletea umfiche. Ukamficha stoo. Asubuhi nikakukuta mkono umefungwa bendeji, ukaniambia wamevunja mlango. Masikini mtani wangu. Walikupiga kwa ajili ya mtoto wangu, na miaka yote hii sijawahi hata kukushukuru."

Felisia aliikumbuka bendeji. Alijifunga mwenyewe, chini yake hakukuwa na jeraha.

Alikumbuka yote, na yote yalikuja yakiwa mapya kama ya jana. Vijana walikuwa watano na watatu kati yao aliwafundisha. Hawakuvunja kitu. Walibisha hodi. Walimshika Domitila nywele pale sebuleni, wakamwambia, Mwalimu, tunajua unaye, chagua. Ufunguo wa stoo ulikuwa umetundikwa msumarini juu ya friji. Alinyoosha mkono akauchukua. Tadeo alitoka akiwa bado ameshika sahani ya wali aliyompa, akawakuta vijana wale mlangoni, na kwa kuwa alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri, akawasalimia. Aliwaambia shikamooni.

Taa ilikuwa bado njano.

Sasa alijua kigezo. Ufunguo walipewa watu wawili ambao kila mmoja angekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kutoa kiganja, mmoja kwa uchungu na mmoja kwa aibu. Mtu fulani ofisini aliliwaza hilo kwa makini na pengine alipandishwa cheo. Na sababu zenyewe zilikuwa nzuri. Bonde lisingewaka. Serikali isingeanguka. Domitila asingejua alinunuliwa kwa bei gani. Kachenje angerudi kucheka, kichwa nyuma. Kilichotakiwa ni kuinua kiganja tu, na asingebaki hata na dhambi ya kukumbuka kwamba aliinua. Alijaribu kuzitenga sababu za bonde na sababu zake mwenyewe, akashindwa. Zilikuwa zimeshikana kabisa.

"Hawakuvunja mlango," alisema.

"Nini?"

"Mlango wa stoo. Nilifungua mimi. Walimshika Domitila wakaniambia nichague. Nikachukua ufunguo nikafungua. Bendeji nilijifunga mwenyewe ili uniamini."

Mkono wa Kachenje ukatoka begani kwake. Ule mwingine ulibaki juu ya kioo. Mwinuka alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake. Baadaye aliandika kwenye taarifa yake kwamba Mahakama ilimtuma kufungua kufuli na haikumtuma kushika mikono ya mtu.

"Toa kiganja ukitaka," Felisia alisema, na alijionea aibu kwa jinsi alivyotamani akitoe. "Sitakuzuia. Hutanikumbuka hivi."

"Nikitoa, Tadeo anaondoka."

"Ndiyo."

"Na wewe unasahau ulichomfanya."

"Ndiyo."

Kachenje alikandamiza kiganja mpaka kucha zikawa nyeupe, macho yake kwenye ile taa. Felisia naye alikandamiza cha kwake. Walisimama hivyo bega kwa bega, kama watu wanaosukuma gari lililokwama, mpaka taa ikawa kijani.

Juu, mji ulikuwa kimya. Kisha kutoka upande wa sokoni sauti ya mwanamke ikaita jina. Haikuwa yowe, ilikuwa ni kuita tu, kama mtu anayemwita mtoto aje kula. Sauti nyingine ikaita jina jingine. Halafu yakawa mengi, Wandoro na Wakelwa, hayatofautishiki. Simu ya Felisia ilianza kutetema mfukoni, jina la Lutamba kwenye kioo chake, ikakata, ikaanza tena.

"Yuko wapi?" Kachenje aliuliza.

"Uwanja wa Watani. Upande wa jukwaa. Wako wengi pale."

Kila mwaka Siku ya Watani walikuwa wakicheza ngoma kwenye uwanja ule mpaka vumbi likapanda, na kila mwaka Felisia alihutubia kutoka kwenye lile jukwaa. Kachenje aliokota kofia yake sakafuni, akaipangusa, hakuivaa.

"Mtoto wangu hakuzikwa," alisema. "Hakuwekewa msalaba. Hakupata hata mtani wa kumshukia kaburini."

"Nitashuka mimi, mta..."

"Hakuna utani. Umesikia Mahakama." Sauti yake haikupanda. "Kesho asubuhi utakuja uwanjani na jembe. Utachimba wewe, kwa mikono yako, mbele ya watu, mpaka tumpate. Ukishafika chini utanipa mwanangu, halafu utatoka. Na hutanidai jogoo."

Alipanda ngazi bila kugeuka. Mwinuka alikuwa ameanza kufungasha vifaa vyake. Felisia alibaki na kiganja juu ya kioo, ingawa hapakuwa tena na kitu cha kushikilia, na simu iliita mpaka ikachoka. Kisha akaenda stoo, akaanza kuondoa viti vya sherehe kimoja kimoja, akitafuta jembe.